Moja Juu, Nyingine Chini

Unyoya ulikuwa mmoja tu, tena mdogo, lakini ulikutwa ndani ya kreti la mikate, na mwenye bekari aliushika kwa vidole viwili mbele ya wapakiaji wote.

"Hii nini?" akauliza.

"Unyoya, Madamu."

"Najua ni unyoya. Nauliza, mimi nauza mikate au nauza kuku?"

Aliyeulizwa alikuwa mpeleka mikate wa bekari hiyo. Wazazi wake walimpa jina zuri tu, ila mtaa ulilifuta ukamwita Sawa, kwa sababu ndilo neno lililokuwa jepesi kuliko yote kinywani mwake. Ukimwomba chumvi, sawa. Ukimwomba ngazi, sawa. Ukimwomba pikipiki, ambayo ndiyo iliyokuwa ikiwalisha watoto wake, alimeza mate, akatazama ukutani kana kwamba jibu limeandikwa huko, kisha akasema sawa. Jana yake jirani yake, mfuga kuku, alikuwa ameiazima kwa dakika tano. Alirudi jua likizama, tangi limekauka, na kreti la mikate lililofungwa nyuma ya kiti lilikuwa limekwenda na kurudi na mitetea. Sawa alilisugua kwa sabuni mpaka ngozi ya vidole ikakunjamana, lakini unyoya mmoja ukampiga chenga.

Madamu hakupiga kelele, na angepiga kelele ingekuwa nafuu. Alionyesha langoni kwa kidevu. Pale nje alikuwa amesimama kijana mwenye pikipiki mpya, na nyuma yake sanduku jekundu lenye mfuniko na kufuli.

"Yule huja kila asubuhi kuniuliza kama njia yako imepata nafasi," Madamu alisema. "Namwambia bado. Sasa nisikilize. Mikate yangu ikichelewa asubuhi moja tu, au ikinuka kitu kingine zaidi ya mkate, nitamwita aingie. Tumeelewana?"

"Sawa, Madamu."

Kijana wa sanduku jekundu akampungia mkono kwa adabu. Adabu ile ilimuuma Sawa kuliko unyoya.

*

Fundi wake alifanyia kazi chini ya turubai kando ya mtaro. Alikuwa mtu wa maneno mengi, ila aliyasema akiwa amelala chini ya pikipiki za watu, kwa hiyo wateja wake walizoea kuzungumza na miguu yake.

"Wakatalie," miguu ilisema baada ya kusikiliza kisa chote.

"Siwezi."

"Kwa nini?"

Sawa akajaribu kueleza. Jirani alimsaidia kuhamisha kabati. Mwalimu wa kwaya ni mtu wa Mungu. Shemeji ni shemeji. "Halafu kitu chenyewe kinaonekana, kipo mlangoni. Mtu anakiangalia, na wewe anakuangalia. Utamwambia nini?"

"Hapana."

"Ndiyo hilo sasa."

Fundi alijivuta nje, akakaa, akajifuta mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono yenyewe. Akaitazama pikipiki, akamtazama mwenyewe, akaona kati ya wawili hao ni rahisi zaidi kurekebisha pikipiki.

"Basi tuiache yenyewe iwakatalie," akasema. "Wewe unaingizaje gia? Ya kwanza unakanyaga chini, zilizobaki unanyanyua kwa kidole cha mguu. Moja chini, nyingine juu. Kila mtu unayemjua anaendesha hivyo. Sasa kuna watu wa mashindano, wale wanaolala na pikipiki kwenye kona mpaka goti linagusa lami. Baadhi yao wanageuza. Moja juu, nyingine zote chini."

"Inawezekana?"

"Kazi ya spana namba kumi. Unakiona hiki kimkono kinachotoka ubavuni mwa injini? Kinatazama juu. Nakichomoa, nakirudisha kikitazama chini. Basi. Mwenye mazoea ya zamani akikanyaga kutafuta ya kwanza, anapata ya pili, pikipiki inatetemeka inamzimikia. Akilazimisha ikaondoka, akinyanyua aongeze gia, anashuka ya kwanza, injini inapiga yowe mtaa mzima unatoka nje. Hafiki mbali huyo."

"Haitaiharibu injini?"

"Injini haijui juu wala chini," fundi alisema. "Anayejua ni mguu."

Sawa alijifunza upya kwenye uwanja wa mpira wa shule, alfajiri, akijisemea kwa sauti kama mtoto anayetumwa dukani: moja juu, nyingine chini, moja juu, nyingine chini. Mara ya kwanza aliangusha goli. Lakini mguu ni mnyama anayefugika, na siku si nyingi ukazoea. Hakumwambia mtu, hata mkewe, na hilo la mkewe ndilo lililokuja kumtokea puani.

*

Wa kwanza kunasa alikuwa mfuga kuku. Alikuja na kikapu chake mkononi, kabla hajamaliza kuomba Sawa akamkabidhi ufunguo.

"Sawa kabisa, jirani. Tena chukua na kofia."

Mfuga kuku aliwasha, akakanyaga, pikipiki ikatikisika ikazimika. Akawasha tena, akaipa moto wa kutosha, ikaruka naye mpaka kwenye mti wa jirani wa pili huku ikilia kwa uchungu. Akarudi akiisukuma, kijasho kinamtiririka.

"Ina nini hii?"

"Sijui," Sawa alisema kwa huzuni. "Naona imenizoea mimi tu."

Mwalimu wa kwaya alifuata, naye akarudi kwa miguu, akidai kwamba kile chombo kilimpigia kelele sauti ya tatu. Habari zikasambaa kwamba pikipiki ya Sawa ina kichwa. Mafundi wa barazani wakatoa sababu zao: mafuta machafu, joto, wivu. Na Sawa, kwa mara ya kwanza maishani, akaonja utamu wa kuwa mkarimu bila hasara. Alisema sawa kwa kifua kipana. Siku nyingine aliwafuata watu mwenyewe kuwauliza kama hawana safari. Mikate ilifika mapema, ikinuka mkate, na kijana wa sanduku jekundu akaanza kuja langoni siku moja moja.

"Mume wangu ni mtu wa watu," Mama Mapacha aliwaambia wanawake wenzake bombani, na alipokuwa akisema hivyo alijiweka sawa mabega.

*

Mama Mapacha alikuwa na mdogo wake wa kiume aliyeitwa Meneja. Hakuwahi kusimamia kitu chochote, lakini alivaa kalamu mfukoni na alizungumza kama mtu anayesubiriwa mahali. Meneja alikuwa amepata mchumba, na mchumba alikuwa amelelewa na shangazi yake, na shangazi alikuwa amesema mlete huyo mtu nimwone. Nyumba yenyewe haikuwa mbali. Mtu angeweza kwenda kwa miguu akafika bila vumbi.

"Siendi ukweni kwa miguu," Meneja alisema, amesimama mlangoni kwa dada yake katika shati lililopigwa pasi mpaka likang'aa. "Shemeji, naomba pikipiki."

Sawa alimeza mate. "Shemeji, unajua siku hizi ina matatizo kidogo."

"Nimesikia. Imewashinda wafuga kuku. Mimi shangazi nimeshamtumia salamu kwamba nimewahi kuendesha trekta."

"Umewahi?"

"Nimewahi kukaa juu yake."

"Inataka mtu aliyeizoea, shemeji. Nikupeleke mwenyewe."

"Nipakiwe nyuma kama gunia? Siku ya kuonwa?"

"Mpe bwana," Mama Mapacha alisema kutoka ndani. "Umempa mpaka mwalimu wa kwaya, utamnyima ndugu yangu?"

Hapo ndipo palipokuwa pa kusema ukweli. Ulikuwa ukweli mfupi, wa maneno manne, na Sawa alikuwa ameshayasema maneno hayo mara nyingi uwanjani. Lakini kumwambia Meneja kitu ni kuuambia mtaa, na mtaa ukijua, mfuga kuku angekuja kesho na kikapu. Akatazama ukutani. Hakukuwa na kitu kimeandikwa.

"Sawa," akasema.

Meneja aliondoka na gia ya pili kwa nguvu ya mafuta, kwa hiyo mwanzo ulionekana mzuri. Sawa alimfuata kwa mbali, akipita nyuma ya kuta kama mtu anayedaiwa. Alimwona akinyooka na barabara, shati likijaa upepo, na kwa muda akaanza kutumaini.

Barazani kwa shangazi viti vilikuwa vimeshatolewa. Shangazi mwenyewe, mama mnene mwenye miwani, alikuwa amekaa, na mchumba amesimama nyuma yake. Meneja aliwaona, akanyoosha mgongo, akataka kupunguza mwendo kwa madaha. Akakanyaga chini kushusha gia. Pikipiki ikapokea gia ya juu, ikateleza mbele bila kizuizi. Akakanyaga tena. Ikapokea nyingine. Akakumbuka kunyanyua, akanyanyua mara tatu kwa hofu, injini ikapiga yowe, gurudumu la nyuma likakwama, na Meneja akaipita nyumba ya ukweni akiwa ubavuubavu, mkono mmoja ukiwa bado umenyooshwa kwa salamu. Mtaro ukampokea.

Sawa alitoka mbio nyuma ya ukuta. Akaruka mtaroni kuinusuru, akakanyaga jiwe lenye utelezi, na kifundo cha mguu wa kushoto kikageuka kikatoa mlio ambao yeye peke yake aliusikia. Hata hivyo aliinyanyua pikipiki, akaisimamisha, akakagua taa na kreti. Ndipo akakumbuka kumnyanyua shemeji.

Yote hayo shangazi aliyaona, akivua miwani na kuivaa tena.

"Kijana," alimwambia Meneja kwa upole, "hilo trekta uliliendesha wapi, maana nataka kujua shamba hilo lina hali gani sasa."

Mchumba akaingia ndani.

*

Jioni mguu wa Sawa ulikaa ndani ya beseni la maji ya chumvi, umevimba mpaka kifundo hakionekani kilipo. Mapacha walikuja mmoja mmoja kuutazama, wakabonyeza, wakafukuzwa. Mama Mapacha aliukanda kwa kitambaa cha moto, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, na Sawa akajua kwamba hapo hakuna amani.

"Kesho mikate anapeleka nani?" mkewe akauliza hatimaye.

Ndicho alichokuwa akikiwaza tangu mtaroni. Asubuhi moja tu, Madamu alisema. Alijaribu kukanyaga sakafu, akaona nyota. Mkewe akatoka kwenda kuuliza kwa watu, akarudi haraka. Mfuga kuku alisema akikutana na pikipiki ile njiani atahama njia. Mwalimu wa kwaya alisema atawaombea.

"Basi tumwite fundi aitazame usiku huu," alisema Mama Mapacha. "Kama ni ugonjwa autoe."

"Fundi amekwenda harusini kwao, anarudi kesho mchana."

"Si una spana zako?"

"Namba kumi iliazimwa."

"Na nani?"

"Jirani. Naye aliiazimisha kwa mtu."

Mama Mapacha akakaa kwenye kigoda mbele yake. "Cha kuazima hakisitiri matako, wanasema. Lakini sisi wenye kuazimisha ndio tunaotembea uchi," akasema. "Sasa namba kumi ingefanya nini? Maana umeitaja haraka, hukutaja namba nane wala kumi na mbili."

Sawa akaangalia maji ya beseni. Akamwambia. Alimwambia kuhusu unyoya, na miguu ya fundi, na kimkono kinachotazama chini, na uwanja wa mpira, na goli. Alipofika kwenye maneno moja juu, nyingine chini, sauti yake ilikuwa ndogo sana.

Mkewe alikitupa kitambaa ndani ya beseni. Alikuwa amekasirika, na chini ya hasira kulikuwa na kitu kibaya zaidi, aibu, kwa sababu alikumbuka bombani.

"Kwa hiyo mimi najitangaza mtaa mzima nina mume mkarimu, kumbe unawatega watu kama panya."

"Sikutaka wakasirike."

"Wakaanguka badala yake. Ndugu yangu umempeleka ukweni na mtego chini ya makalio." Akasimama. "Mchimba kisima huingia mwenyewe, na wewe umeingia mpaka kifundo. Namwita Meneja. Ndiye pekee mwenye muda. Na utamwambia kwa mdomo wako, mimi simo."

*

Meneja alikuja kabla ya mapambazuko, plasta kidevuni, bila kalamu mfukoni. Alikuwa amenyong'onyea. Alisimama karibu na mlango kama mtu asiye na hakika kama ataambiwa aketi.

"Dada kasema unanihitaji," akasema. "Lakini shemeji, mimi na kuendesha basi tena. Sijalala. Nimekuwa najiuliza, miaka yote hii nilidhani najua, kumbe sijui. Mikono ilifanya vizuri, miguu ilifanya vizuri, halafu kila kitu kikaenda kinyume. Labda nina ugonjwa."

Hakuna tusi ambalo lingemchoma Sawa kama maneno hayo. Angeweza kunyamaza hata sasa. Angeweza kumwambia tu, leo fanya kinyume, pikipiki imeharibika. Mama Mapacha alikuwa amesimama na taa, akisikiliza.

"Huna ugonjwa," Sawa alisema. "Unajua kuendesha. Ni mimi niliyegeuza gia, makusudi, ili watu wasiazime. Sikukwambia. Nisamehe, shemeji."

Meneja akakaa. Walitarajia apige kelele, lakini uso wake ulifunguka taratibu, akashika plasta yake.

"Kwa hiyo najua kuendesha," akasema.

"Unajua."

"Najua kabisa."

"Vizuri tu."

"Ulinitupa mtaroni mbele ya shangazi, na mimi najua kuendesha." Sasa hasira ikafika, lakini ilikuwa imechelewa, ikakuta furaha imeshakaa. "Nitaendesha. Lakini jioni utakwenda na mimi kule, ukamwambie shangazi maneno hayo hayo, mbele ya mchumba wangu, bila kupunguza."

Sawa aliona aibu yote hiyo mbele yake kama chakula kilichokwishapakuliwa. Akaona pia sanduku jekundu.

"Nitamwambia," akasema.

Walimfunga mguu kwa kitambaa cha kichwa cha mkewe, chenye maua, wakambandika katikati, mbele yake mgongo wa Meneja, nyuma yake kreti. Mama Mapacha akashika taa juu.

"Moja juu," Sawa alisema sikioni mwa shemeji.

Pikipiki ikaondoka laini.

"Sasa chini."

"Chini ipi, ya zamani au mpya?"

"Chini ni chini. Kanyaga."

"Nikikanyaga si napunguza?"

"Hiyo ya jana. Leo unaongeza."

Kwenye kilima walizimikiwa, nusura warudi kinyumenyume mpaka nyumbani. Kwenye kona ya shule Meneja alinyanyua mara moja zaidi na Sawa akamgonga kisogo kwa kidevu. Wote wawili wakawa wanaimba moja juu, nyingine chini, mmoja kwa ukali na mwingine kwa hofu, na mlinzi mmoja wa usiku akatoka kibandani kuangalia ni dhehebu gani linapita. Walipofika barabara ya bekari Meneja alikuwa amenyamaza. Mguu wake ulikuwa umeelewa.

Kijana wa sanduku jekundu alikuwa langoni. Madamu alikuwa mlangoni, mikono kiunoni, akitazama mtu asiyemjua akisimamisha pikipiki kwa utulivu, na mfanyakazi wake nyuma, mguu umevaa maua.

"Huyu nani?"

"Meneja," Meneja alijibu.

"Wa nini?"

"Wa mguu wa kushoto, Madamu," alisema Sawa. "Wangu umeteguka. Lakini mikate itafika."

Madamu alisogea, akainamisha pua kwenye kreti, akanusa pande zote nne. Akaangalia saa. Akamtazama Sawa kwa muda mrefu kidogo.

"Pakieni," akasema.

Shule ya bweni walifika kengele haijalia. Kwenye duka la mwisho, mwenye duka hakuona hata kama kulikuwa na tofauti yoyote, na Sawa alitaka kumkumbatia kwa kutoona.

*

Jioni shangazi aliwapokea barazani. Meneja alimpa shikamoo kutoka mbali kidogo. Mchumba alikuwa dirishani, nusu uso. Sawa aliweka mguu wake juu ya kigoda alicholetewa, akameza mate, akasimulia yote bila kupunguza. Aliposema kuhusu mfuga kuku, dirishani pakasikika kicheko kilichozibwa kwa mkono. Alipofika mtaroni, shangazi akamkatiza.

"Hapo nilikuona. Ulinyanyua pikipiki kwanza, mtu baadaye."

"Ndiyo, shangazi."

"Nilijiuliza, huyu ni ndugu au ni fundi." Akavua miwani, akaifuta kwa upande wa gauni. "Kwa hiyo huyu wangu anajua kuendesha. Asiyejua kitu ni wewe. Hujui kukataa."

"Sijui, shangazi."

"Unaogopa nini?"

Sawa akafikiri. Hakuwahi kuulizwa. "Naogopa mtu akiondoka hajafurahi," akasema, na alipolisikia jibu lake mwenyewe akaona ni la mtoto.

Shangazi akavaa miwani. Akageuka kuitazama pikipiki iliyosimama pale nje.

"Nzuri," akasema. "Nina cherehani yangu nzito inataka kupelekwa kwa fundi ng'ambo ya soko. Nimeshajua siri ya gia, nitamwambia kijana wa hapa jirani. Kesho asubuhi naomba uniazime. Dakika tano tu."

Meneja aliangalia viatu vyake. Huyu alikuwa mkwe mtarajiwa, na nyumba ilikuwa yake, na kigoda chini ya mguu wa Sawa kilikuwa chake, na binti aliyekuwa dirishani alikuwa wake. Kesho asubuhi kulikuwa na mikate.

"Sa," Sawa alianza.

Neno lilikuwa limeshafika nusu. Aliling'ang'ania kwa meno. Akatazama ukutani, akakuta ukuta wa watu haumjui.

"Hapana, shangazi," akasema. "Asubuhi sitoi. Ndiyo kazi yangu."

Akafumba macho kidogo, akisubiri kitu kianguke.

"Haya," alisema shangazi. Akageukia dirishani. "Leta chai, binti. Na vikombe vizuri, wageni wetu mmoja anajua kuendesha na mwingine ameanza."

Ikawa ndiyo hivyo tu. Chai ikaja. Mchumba akamwekea Meneja sukari bila kumuuliza vijiko vingapi, na Meneja akanywa ikiwa tamu kupita kiasi, machozi yakimlengalenga. Sawa alishika kikombe chake kwa mikono miwili. Alikuwa amejiandaa kwa lawama, kwa ugomvi, kwa kufukuzwa, na alipopewa chai alikaribia kulia. Miaka yote ile alikuwa amekimbia neno ambalo mtu anaweza kulijibu kwa kusema haya, basi.

Walipokuwa wakirudi, Meneja mbele, Sawa nyuma, Meneja alikanyaga chini kuongeza gia, kwa ulaini wa mtu aliyezaliwa nayo.

"Shemeji," akasema juu ya bega, "sasa kwa kuwa ni mimi na wewe tu tunaoiweza, Jumapili nitaihitaji kidogo."

"Hapana."

"Haya," alisema Meneja, akaendelea kuendesha.

Sawa akaona uchungu kidogo. Alitegemea angalau Meneja angebembeleza.

Mguu wa Sawa ulipopona, fundi alikirudisha kimkono kutazama juu, na mguu huo, uliokuwa umeshasahau mazoea ya zamani, ulimzimishia pikipiki mbele ya watu wote wa barazani. Mfuga kuku alisema bado ina kichwa, kisha akaiomba kwa ajili ya kesho. Akaambiwa hapana, akaenda kuazima baiskeli.

Jioni hiyo Sawa aliingia nyumbani akachechemea hadi kitini ingawa hakuwa na maumivu tena, akavua viatu, akanyoosha miguu. Alimsimulia mkewe habari za mfuga kuku, kisha za kijana wa sanduku jekundu, ambaye sasa alikuwa amepata njia ya bekari nyingine. Mama Mapacha alikuwa jikoni, mikono kwenye unga, mmoja wa mapacha amemning'inia mguuni.

"Mama Mapacha," akaita, "niwekee maji ya kuoga."

Kwa miaka yote ya ndoa yao jibu lilikuwa moja, sawa, nalo alikuwa amelifundisha yeye mwenyewe.

"Hapana," mkewe alijibu kutoka jikoni, bila hasira, akikanda.

Sawa akakaa kidogo, akilitazama lile neno kutoka upande wa pili. Kisha akacheka, akainuka bila kuchechemea, akachukua ndoo.

"Haya," akasema.